Ofisi ya sanaa ya chuo kikuu kimoja hapa Dar: tathmini ya katibu wa kikundi cha ngoma

Vikundi vingi vya ngoma vikisikia vimeitwa na chuo kikuu, swali la kwanza ni moja: tutalipwa, au tutapewa soda na kupigwa picha? Mimi ni katibu wa kikundi cha mdundiko huku Chanika. Wazee wetu wengi asili yao ni Kisarawe na Maneromango. Kwa miaka kadhaa tumefanya kazi na ofisi ya mratibu wa sanaa na utamaduni ya chuo kikuu kimoja cha umma jijini, na mratibu mwenyewe anastaafu mwaka huu. Mama huyu hapendi kutajwa, hivyo simtaji. Chuo nacho sikitaji, kwa sababu nina ya kusema kuhusu wahasibu wao na sitaki yamwangukie yeye. Lakini huduma aliyotupa nataka ijulikane, ili kikundi kinachofuata, pale au chuo kingine chochote, kijue nini cha kudai.

Nitoe hukumu yangu mapema. Katika ofisi zote zilizowahi kutuita, za serikali na za watu binafsi, hii ndiyo iliyotutendea haki kuliko zote, na haki hiyo ilianzia kwenye makaratasi.

Kwanza mfahamu mdundiko ni nini. Ni ngoma ya Wazaramo, tena ya kutembea. Inatoka nyumbani kwa mwenye shughuli, inapita mtaani, watu wanaifuata. Huyu anaingia katikati anacheza, yule anachoka anaachia njiani, ngoma inasonga. Ukiipandisha jukwaani mbele ya watu waliokaa vitini, unabaki na wapigaji waliosimama na wachezaji wanaojizungusha pale pale. Tumefanyishwa hivyo sana: hotelini, kwenye uzinduzi wa miradi, kwenye mahafali. Mnapewa dakika saba, kisha mshereheshaji anashika kipaza sauti, asanteni sana, mgeni rasmi anaingia. Wazee wetu wanasema mambo haya wameyaona tangu ujana wao. Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na nia ilikuwa kubwa, lakini huku chini kwa vikundi utamaduni ukawa mara nyingi ni kupanga mstari uwanja wa ndege kusubiri mgeni.

Mratibu alikuja Chanika kwa daladala, akakaa na wazee barazani, akaamkia mmoja mmoja. Bei aliiweka mwisho. Alianza kwa kuuliza ngoma inaanzia wapi na inaishia wapi, nani anatangulia, mnapumzika wapi, moto mnakokea wapi. Mpigaji wetu mkuu akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, wewe umechezwa," yaani amepitia unyago. Yule mama akacheka, akasema, "Nimechezwa, baba, ndiyo maana nauliza."

Swali la moto ndilo lililonishawishi mimi. Ngoma za ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa, na katikati ya shughuli hupashwa tena. Ngozi ikilegea sauti inazama, na mpigaji anaumiza mikono bure. Sisi tunatumia makuti makavu, yanawaka haraka na kuisha haraka. Sasa nenda chuo kikuu ukawashe makuti! Mahali kwingine tumezuiwa na walinzi, tukapiga ngoma zimepoa, na waliotualika wakaondoka wakiamini kwamba mdundiko ndivyo unavyolia. Huyu alikwenda kuonana na mkuu wa ulinzi wa chuo, wakachagua uwazi nyuma ya karakana, pakawekwa ndoo za mchanga, mtungi wa kuzimia moto na mlinzi wa kusimama pale. Kikatoka kibali cha kuwasha moto, kimeandikwa kwa Kiswahili, kina sahihi na mhuri. Nakala ipo kwenye faili la kikundi, na tangu hapo nimewaonyesha wenye kumbi wengine: tazameni, wenzenu wamewezaje.

Njia nayo aliiandika. Tulitoka geti kuu, tukapita mbele ya mabweni, tukazunguka upande wa pili wa maktaba, tukaishia uwanja wa mpira. Kabla ya hapo alikwishapata ruhusa ya mshauri wa wanafunzi, kituo cha polisi kilikuwa na barua, na ratiba ya mitihani aliikagua mwenyewe. Wanafunzi walianza kutoka mabwenini na ndala zao na ndoo za maji mkononi. Mabinti waliokulia Mbagala na Temeke waliujua mdundiko kwa miguu, wakaingia. Waliotoka mikoa mingine wakafuata nyuma wakijifunza. Hakuna aliyetangaza "sasa tunawaletea burudani ya asili". Ngoma ilipita mahali ikakusanya watu, kama inavyotakiwa.

Sasa malipo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vinapoumia.

Taasisi ya umma hailipi mtu kwa kumwonea huruma. Inataka TIN, yaani namba ya mlipa kodi, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na siku hizi manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Kikundi cha wazee wa Uzaramo kitatoa wapi mashine ya EFD? Taasisi nyingi zikifika hapo zinatafuta kampuni ya matukio yenye karatasi zote. Kampuni inaandika ankara kwa bei ya kampuni, halafu inakuja kutulipa sisi kwa bei ya mtaani. Chuo kingine kilitupitisha njia hiyo, na baadaye nilipoiona ankara nilikaa kimya mbele ya wazee kwa aibu ya pesa ile, ingawa aibu haikuwa yangu.

Huyu mama aliandika dokezo kwa afisa masuuli, yule mwenye dhamana ya fedha za chuo, kuomba masurufu, yaani fedha za kutangulizwa, akayachukua kwa jina lake. Walio serikalini wanajua maana yake. Masurufu ni deni la aliyeyachukua. Usiporejesha hesabu kwa muda uliowekwa, unakatwa kwenye mshahara. Kila alipotuita alikuwa anauweka mshahara wake rehani kwa ajili ya wapiga ngoma. Tulilipwa siku ile ile kabla ya kupanda basi. Karatasi ilikuwa mezani, jina la kila mtu na kazi yake: mpigaji, mwimbaji, mchezaji. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na mratibu alimsomea kwanza kiasi kilichoandikwa, kwa sauti, mbele ya wenzake. Wachezaji walipata elfu hamsini kila mmoja, nauli mbali, chakula mbali.

Na wazee waliokuja kufundisha darasani hawakulipwa kama wachezaji. Walilipwa kiwango cha mhadhiri mgeni. Alilipigania hilo kwenye vikao, na niliwahi kumsikia akilieleza kwa simu, tena kwa upole: mwanafunzi anapewa alama kwa somo hili, anayemfundisha ni mzee huyu, basi huyu ni mwalimu, na mwalimu analipwa kama mwalimu. Akaulizwa cheti cha mzee kiko wapi. Akajibu kwamba cheti cha mzee ni watu aliowafundisha, na majina yao anayo. Aliandika majina kweli, akaambatisha barua ya serikali ya mtaa. Ikapita.

Kitu kingine alichotufanyia hakipo kwenye maelezo ya kazi yake. Alikaa na mimi tukaandika katiba ya kikundi, maana ile ya zamani ilikuwa ukurasa mmoja na haikusema pesa zinagawanywaje. Akanielekeza namna ya kusajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa ambalo lipo kwa sheria tangu mwaka 1984 na ambalo wazee wetu walikuwa wakilisikia redioni tu. Tukafungua akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja akiwa mwanamke. Leo kikundi kinaweza kuomba kazi popote kwa karatasi zake chenyewe. Ofisi ingetaka kutufunga kwake ingetuacha kama tulivyokuwa.

Kuhusu kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, ila sheria haiji kusimama barazani kwako mtafiti anapofika na kamera. Watafiti wanakuja huku Uzaramo, wa ndani na wa nje, wanarekodi, wanaondoka. Ofisi hii ilikuwa na fomu. Kila wimbo na kila ngoma iliwekwa kwenye moja ya mafungu matatu: inayoweza kusikilizwa na yeyote, inayosikilizwa na wanafunzi ndani ya chuo tu, na isiyorekodiwa kabisa. Waliochagua fungu walikuwa wenye ngoma, na walikuwa na haki ya kubadili baadaye.

Makungwi wetu, wale wanaowafunda wasichana unyagoni, ndio waliofaidika zaidi. Mambo ya mwali, yale ya ndani, yana nyimbo ambazo mwanamume haruhusiwi kuzisikia, hata mimi katibu. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu alitaka kupiga picha mwana hiti, ile sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali, na alitaka aione ikitumika, siyo ikiwa mezani. Bibi kungwi alikataa. Yule kijana akarudi kwa mratibu akitumaini atambembeleza bibi. Mratibu akamjibu kwamba jibu ameshalipata, akamwelekeza akasome kilichokwisha kuandikwa na aende makumbusho, zipo mwana hiti zilizowekwa kwenye vioo. Bibi aliposikia, alisema tangu siku ile akiitwa na yule mama atakwenda bila kuuliza nauli.

Rekodi zilizoruhusiwa ziliandikwa majina. Huko kwingine utakuta faili limeandikwa "ngoma ya Wazaramo", basi. Hapa imeandikwa nani ameongoza wimbo, nani amepiga ngoma ipi, wimbo ameupata kwa nani, kijiji gani. Nakala zikaletwa Chanika kwenye flashi. Mwimbaji wetu mmoja alipofariki, wanawe waliomba sauti ya baba yao, na ikapatikana siku hiyo hiyo kwa sababu jina lake lilikuwa pale.

Nilimwuliza aliyajifunzia wapi haya. Alisomea sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye idara iliyoanza mwaka 1967, enzi za walimu kama Penina Mlama na Amandina Lihamba. Kizazi kile cha walimu miaka ya themanini kilitoka na wanafunzi kwenda vijijini, Malya kule Mwanza, Msoga huku Pwani, wakatengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji wenyewe kuhusu shida za pale kijijini. Mwaka 1996 idara ikaanzisha Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari, waseme yanayowazuia kusoma kwa kuyaigiza, na baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ikaupeleka mpango huo nchi nyingine za Afrika. Yeye anasema kitu kimoja kilimkaa kutoka kwa walimu wake: ukifika kijijini, kaa chini kwanza.

Lakini hakuwa mwalimu. Aliajiriwa upande wa waendeshaji, na wanaojua vyuo vyetu wanajua kuna wanataaluma na kuna waendeshaji. Mwanataaluma akiandika makala kuhusu mdundiko wetu anapanda daraja. Mwendeshaji aliyetafuta basi, akaomba kibali cha moto, akabeba masurufu na kukaa na bibi kungwi mpaka bibi akakubali, hana pa kuyaandika hayo. Kwenye fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa mtumishi wa umma, aliniambia, alikuwa anajaza "kuratibu matukio ya utamaduni", basi, mwaka baada ya mwaka. Amefanya kazi hiyo karibu maisha yake yote ya ajira, na cheo chake hakijasogea sana. Hili linanichoma. Mimi nami ni katibu, najua kazi ambayo ikifanyika vizuri watu hawaioni.

Sasa upungufu, na upo.

Wahasibu. Masurufu yana kikomo, kwa hiyo tulipoingia mradi mkubwa wa kufundisha muhula mzima, malipo yalipita mfumo wa kawaida kwenda akaunti ya kikundi. Sehemu ya kwanza ilikuja. Ya pili ilichelewa mpaka wazee wakaanza kuniuliza kwa jicho. Mratibu alifuatilia, lakini hati ya malipo ikishatoka mezani kwake hana nguvu tena. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ilikatwa, sawa, ni sheria, ila cheti cha kuonyesha imekatwa tulikipata baada ya kukidai mno. Na unakihitaji, usipokuwa nacho TRA watakudai upya.

Chakula cha mwanzoni kilikuwa chipsi na soda kwa watu ambao nusu yao wana sukari au presha. Kilibadilishwa tulipoeleza, ukaja wali, samaki na mchicha. Usafiri hauna uhakika: basi la chuo ni la timu za michezo kwanza.

Shida kubwa kwangu ni wanafunzi. Baadhi ya waliofundishwa na wazee wetu waliunda kikundi chao, wakaanza kuchukua harusi huku mjini kwa bei ya chini kuliko yetu, na kwenye matangazo yao hawakusema wamejifunza wapi. Mratibu aliitisha kikao. Vijana walikubali kuwataja wazee na kutuachia kazi zinazohitaji mdundiko kamili. Walitaja kwa muda. Sidhani kama suala hili limekwisha, na chuo hakijaweka kanuni yoyote. Kijana akishafunzwa, amefunzwa, hatutaki kumfunga mikono. Tunataka ajulikane ametoka mikononi mwa nani na mwenye elimu apate chake. Mratibu alikuwa anaandaa maelewano ya kuwekwa kwenye fomu ya kujiandikisha somo. Sijayaona yakitiwa sahihi.

Halafu ofisi nzima ni yeye. Simu ya ofisi ni simu yake ya mkononi. Alipolazwa, shughuli yetu iliahirishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kibali kinaombwa wapi. Rekodi zote, na fomu za mafungu matatu, zimo kwenye diski moja ndani ya kabati la chuma, na funguo anazo yeye. Nimemwambia mara nyingi, naye amewaandikia wakubwa wake kuomba msaidizi na nafasi maktaba. Sasa anastaafu. Msaidizi hajaja. Tunaiomba menejimenti ya chuo, tena kwa heshima zote, impe huyu mama miezi ya makabidhiano na mtu wa kukabidhiwa, na diski ile ipelekwe maktaba pamoja na fomu zake. Rekodi bila fomu ni hatari kwetu: nyimbo ambazo makungwi waliziruhusu kwa wanafunzi tu zitakuwa mtandaoni siku hiyo hiyo.

Kama ni nyota, naipa ofisi hii nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya wahasibu na ya kanuni ambayo haikuwekwa. Mratibu mwenyewe, kwa upande wangu na wa wazee wote wa Chanika, ana tano.

Kwa vikundi vinavyotaka kufanya kazi na chuo chochote cha umma: nendeni na usajili wa BASATA, TIN, katiba na akaunti ya kikundi, hata kama mnaambiwa si lazima. Ombeni mkataba wa Kiswahili unaotaja kiasi, siku ya kulipwa, usafiri, chakula na mahali pa moto. Mwenye kamera asianze kabla hamjakubaliana rekodi itasikilizwa na nani na nakala yenu italetwa lini. Na barua ya maombi isisubiri sherehe ikaribie. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, bajeti zinaandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua inayofika Januari ina nafasi ya kuingizwa kwenye bajeti. Inayofika Mei mtajibiwa fungu limekwisha.